Kusakinisha WordPress kwa Tovuti ya Kikundi, Hatua kwa Hatua

Kikundi cha akina mama wa hapa Kisumu, ambao huvuna magugu maji ziwani, huyakausha na kuyasuka kuwa vikapu, mikeka na viti, kiliniomba mwaka uliopita nikisaidie kufungua tovuti. Hadi wakati huo wanunuzi walikuwa wakiwapata kwa kuelekezana, na kila aliyetaka kuona bidhaa ilibidi katibu apige picha upya na kumtumia moja moja kwa simu. Walichohitaji ni mahali pamoja pa kudumu pa picha, bei, historia ya kikundi na namba za kuwafikia, na zaidi ya hapo walitaka uwezo wa kubadilisha bei wenyewe bila kumngoja fundi. Kazi hiyo hufanywa na mfumo wa kusimamia maudhui, yaani programu inayokaa kwenye seva (kompyuta iliyo mtandaoni wakati wote) na kumwezesha mtu asiyejua kuandika msimbo kuongeza kurasa na picha kwa kutumia kivinjari tu.

Mwongozo huu unafuata kazi tuliyoifanya pamoja. Kusakinisha kwenyewe huchukua dakika chache, lakini maamuzi yanayotangulia na mipangilio inayofuata huchukua siku, na hapo ndipo nimeona tovuti za vikundi, shule na makanisa mengi zikiharibikia. Maneno ya kwenye vitufe nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, ndani ya alama za kunukuu, ili uyatambue utakapoyakuta.

Mfumo upi

Mifumo ya bure inayojulikana zaidi ni mitatu: Drupal, iliyotoka mwaka 2001, WordPress, iliyotoka mwaka 2003, na Joomla, iliyotoka mwaka 2005. Wasomaji wa Kiswahili watapenda kujua kwamba jina Joomla limetoka kwenye neno letu «jumla», likaandikwa kwa namna ambayo Wazungu wangelitamka. Yote mitatu ni mizuri. Nilichagua WordPress kwa sababu moja tu iliyoyazidi mengine: siku nitakapokuwa sipo, akina mama watapata mtu wa kuwasaidia Kisumu, Nakuru, Kakamega au kwenye mji wowote wenye vijana wanaojifunza kompyuta, kwa kuwa ndio mfumo unaotumika zaidi duniani.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. WordPress.com ni huduma ya kampuni ambayo hukuwekea tovuti kwenye seva zake na kukutoza kulingana na unachotaka kufanya. WordPress.org ndipo unapoipakua programu yenyewe, bila malipo, ukaiweka kwenye seva unayoikodi mahali popote. Mwongozo huu unahusu hii ya pili.

Jina la tovuti na mwenye jina

Jina la tovuti, yaani domeni, ndiyo anwani ambayo watu wataiandika. Majina yanayoishia .ke husimamiwa na KeNIC, nayo husajiliwa kupitia kampuni zilizoidhinishwa ambazo KeNIC yenyewe huziorodhesha kwenye tovuti yake. Mwisho wa jina hueleza aina ya mwenyewe: .co.ke ni ya biashara, .or.ke ni ya mashirika yasiyotafuta faida, .sc.ke ni ya shule, .ac.ke ni ya vyuo, na tangu mwaka 2017 mtu anaweza pia kusajili jina fupi linaloishia .ke peke yake. Akina mama walichukua .co.ke kwa kuwa wanauza bidhaa. Kabla ya kulipia jina, mpigie mtu simu, mtamkie jina hilo mara moja tu, kisha mwombe akuandikie alichosikia. Akikosea, tafuta jina jingine. Majina yenye vistari na herufi zilizorudiwa hushindwa jaribio hili karibu kila mara.

Jambo la kusisitiza hapa ni nani anayeandikwa kuwa mwenye jina. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kikundi cha wakulima wa mpunga upande wa Ahero, na kijana mmoja mwenye bidii alijitolea kusajili domeni kwa jina lake na kwa barua pepe yake. Hakuwa na nia yoyote mbaya, nami sikuuliza. Alipopata kazi mbali na nyumbani aliacha kuitumia barua pepe ile, ilani za kulipia mwaka mwingine zikawa zinaenda huko bila kusomwa, na domeni ikaisha muda. Wakati huo wakulima walikuwa wameshachapa anwani hiyo kwenye magunia ya mchele, na magunia hayo yaliendelea kuuzwa msimu mzima yakiwaelekeza wateja mahali pasipo na kitu.

Kwa hiyo anza kwa kufungua barua pepe ya kikundi chenyewe, si ya mtu, na nenosiri lake lijulikane na viongozi wawili. Sajili domeni kwa jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, kwa barua pepe hiyo, na kwa namba ya simu ya mwenyekiti au ya mweka hazina. Akaunti ya seva nayo ifunguliwe vivyo hivyo. Fundi akikuambia kwamba ni rahisi zaidi kuweka kila kitu kwenye akaunti yake, mshukuru na ukatae.

Kukodi nafasi kwenye seva

Nafasi ya kuanzia haihitaji kuwa kubwa. Uliza kama seva ina PHP, yaani lugha ya programu iliyotumika kuandika WordPress, toleo la 8 au jipya zaidi, kama ina programu ya hifadhidata ya MySQL 8.0 au MariaDB 10.6 kwenda juu, kama cheti cha SSL, kinachoiwezesha anwani kufunguka kwa https, hutolewa bila malipo, kama kuna paneli ya usimamizi ya cPanel au inayofanana nayo, na kama nakala za akiba huhifadhiwa kila siku na unaweza kuzirudisha wewe mwenyewe. Vyeti vya bure hutolewa kwa kawaida na Let's Encrypt, ambavyo hudumu siku 90 na kujihuisha vyenyewe, kwa hiyo hakuna sababu ya kulipia cheti cha tovuti ndogo. Piga simu ya huduma kwa wateja kabla ya kulipa, uone kama inapokewa.

Ukishalipa, utapewa majina ya seva za domeni, kwa kawaida mawili. Yaandike kwenye akaunti ulikosajilia domeni, kisha subiri. Mara nyingi mabadiliko huonekana baada ya saa chache, ingawa yanaweza kuchukua hadi siku mbili. Katika muda huo usianze kugeuza mambo ukidhani umekosea. Domeni ikishafunguka, hakikisha kwanza kwamba SSL imewashwa na anwani inafunguka kwa https. Nimeona watu wakisakinisha kabla ya hapo, halafu tovuti ikajirekodi kwa anwani ya http, na picha nusu zikakataa kuonekana baadaye.

Kusakinisha

Paneli nyingi zina kisakinishi cha haraka, kama Softaculous, kinachokamilisha kazi yote kwa kubonyeza mara chache. Si vibaya kukitumia. Hata hivyo, napendekeza usakinishe kwa mkono angalau mara ya kwanza, kwa sababu mtu aliyeunganisha vipande mwenyewe hujua pa kuanzia siku kitu kitakapogoma. Ukitaka kujizoeza bila kugharimia kitu chochote, sakinisha XAMPP, programu ya bure inayoigeuza kompyuta kuwa seva ya majaribio, kwenye kompyuta yako na ufanye hatua hizi ndani ya folda yake ya htdocs. Baada ya kupakua, hutahitaji bando tena.

Kwanza, unda hifadhidata. WordPress huweka maandishi, bei, watumiaji na mipangilio yote ndani ya hifadhidata, ilhali picha na programu zenyewe hukaa kwenye folda. Ndani ya cPanel fungua sehemu ya hifadhidata za MySQL, unda hifadhidata mpya, unda mtumiaji mpya mwenye nenosiri refu lililotengenezwa na paneli yenyewe, kisha mwongeze mtumiaji huyo kwenye hifadhidata hiyo na kumpa haki zote, zinazoandikwa «All Privileges». Hatua hii ya mwisho ndiyo husahaulika zaidi. Hifadhidata ipo, mtumiaji yupo, lakini hawajuani. Utagundua pia kwamba paneli imeongeza jina la akaunti yako mbele ya majina uliyochagua; ukiandika «vikapu» itakuwa mfano «kikundi_vikapu», na jina hilo kamili ndilo utakalolihitaji.

Pili, pakua faili ya zip ya WordPress kutoka wordpress.org. Ni ndogo, chini ya megabaiti 40. Fungua kisimamia faili cha cPanel, ingia kwenye folda ya public_html, ipakie zip hiyo hapo na uifungulie hapo hapo, kwani kupakia maelfu ya faili ndogo moja moja kwa mtandao wa simu kutakuchosha na huenda baadhi zikapotea njiani. Zip ikifunguka hutoa folda inayoitwa wordpress. Ingia ndani yake, chagua vyote vilivyomo, uvihamishe juu hadi public_html, kisha ufute folda iliyobaki tupu pamoja na ile zip. Ukiiacha ilivyo, tovuti yako itafunguka tu kwa mtu anayeandika /wordpress mwishoni mwa anwani.

Tatu, fungua anwani ya tovuti kwenye kivinjari. Utaulizwa lugha, kisha maelezo ya hifadhidata: jina lake, mtumiaji, nenosiri, mahali ilipo, na kiambishi cha majedwali. Mahali ilipo huwa localhost kwenye seva nyingi. Kiambishi cha kawaida ni wp_, nacho unaweza kukibadilisha kiwe herufi nyingine chache zenye kistari cha chini. Ukibonyeza kuendelea, WordPress itaandika maelezo hayo kwenye faili inayoitwa wp-config.php, ambamo mistari minne ndiyo ya maana kwako:

define( 'DB_NAME', 'kikundi_vikapu' );
define( 'DB_USER', 'kikundi_katibu' );
define( 'DB_PASSWORD', 'nenosiri-refu-hapa' );
define( 'DB_HOST', 'localhost' );

Ikumbuke mistari hii. Siku tovuti itakapofungua ukurasa mweupe wenye maneno «Error establishing a database connection», hapa ndipo pa kutazama kwanza. Sisi tuliyaona maneno hayo siku ya kwanza kabisa. Mama Katibu alikuwa ameketi kando yangu, na alikuwa amejitumia nenosiri kwa ujumbe wa simu ili asilisahau, kisha akalinakili kutoka kwenye ujumbe ule. «Mwalimu, mbona limekataa na nimelichukua vile vile lilivyo?» aliniuliza. Tulirudia haki za mtumiaji, tukarudia jina la hifadhidata, na saa nzima ikapita. Hatimaye nilifungua wp-config.php, nikaweka kishale mwishoni mwa nenosiri, na nikaona kimesimama hatua moja mbali na herufi ya mwisho. Kulikuwa na nafasi tupu moja kabla ya alama ya kufunga. Tuliifuta, tukahifadhi faili, na tovuti ikafunguka. Tangu siku hiyo mimi hupeleka kishale mwisho wa kila nenosiri nililonakili kabla ya kutafuta kosa mahali pengine.

Nne, jaza fomu ya mwisho. Kichwa cha tovuti kinaweza kubadilishwa baadaye, hivyo usikisumbukie. Jina la mtumiaji halibadilishwi kwa urahisi, nalo lisiwe admin, wala jina la kikundi, kwa kuwa hayo ndiyo yanayojaribiwa kwanza na programu za wezi zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana. Barua pepe iwe ile ya kikundi. Chini kuna kisanduku kinachowaomba watafutaji kama Google wasiiorodheshe tovuti. Kiwekee alama kwa sasa, maana bado huna cha kuonyesha, lakini kiandike kwenye daftari lako ili ukiondoe siku ya kufungua.

Mipangilio ya siku ya kwanza

Ukishaingia kwenye dashibodi, yaani ukurasa wa usimamizi, futa vitu vya mfano: chapisho la «Hello world!», ukurasa wa «Sample Page», na plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya Hello Dolly ikiwa imekuja. Kisha nenda «Settings». Kwenye «General» weka saa ya Nairobi, ambayo huipata chini ya Africa, na uhakikishe kwamba kisanduku cha kuruhusu yeyote kujisajili hakina alama. Kwenye «Permalinks» chagua «Post name», ili anwani ya ukurasa wa mikeka iishie na neno mikeka badala ya namba isiyo na maana. Fanya hili leo, kwa sababu ukibadilisha baada ya watu kuanza kutumiana viungo, baadhi ya viungo vinaweza kukatika. Kwenye «Discussion» tulizima maoni kabisa. Tovuti ya kuuza vikapu haiyahitaji, na matangazo ya kamari yanayoingilia humo yangemlazimu katibu kuyafuta kila asubuhi. Mwisho, unda ukurasa unaoitwa Mwanzo, na kwenye «Reading» uuchague kuwa ukurasa wa kwanza wa tovuti.

Watumiaji ni suala linalostahili mazungumzo ya kikundi chote. WordPress ina ngazi tano: msimamizi mkuu anayeweza kila kitu, mhariri anayeweza kugusa maandishi yote, mwandishi anayechapisha yaliyo yake, mchangiaji anayeandika bila kuchapisha, na msajiliwa anayesoma tu. Tuliweka wasimamizi wakuu wawili, yaani mwenyekiti na katibu, na wengine watatu wakawa wahariri. Mimi nilikuwa na akaunti ya usimamizi wakati wa kazi, na niliifuta mbele yao siku ya kukabidhi. Akaunti moja isitumiwe na watu wengi, kwa sababu bei ikibadilishwa kimakosa hamtajua aliyeibadilisha, na mwanachama akiondoka italazimu wote kubadilisha nenosiri.

Themu na plagini

Themu ndiyo inayoamua sura ya tovuti, na plagini huongeza kazi ambayo WordPress yenyewe haina. Kwa tovuti ndogo, themu inayokuja na WordPress inatosha kabisa. Tulijaribu themu tatu za bure kabla ya kurudi kwa ile iliyokuja nayo, kwa kuwa hizo nyingine zilikuwa na picha zinazoteleza na maandishi yanayopepea ambayo, kwenye simu ya mwanachama mmoja anayeishi Dunga, yalichukua muda mrefu kufunguka kuliko alivyokuwa tayari kungoja.

Narudia kila ninapopata nafasi: usiweke themu wala plagini ya kulipia ambayo umepewa bure kwenye kundi la WhatsApp au Telegram. Anayeivunja na kuigawa huwa anataka kitu, na mara nyingi ndani yake kuna mlango wa siri wa kuingilia. Fikiria tovuti ya akina mama, ambayo ina namba ya Lipa na M-Pesa kwenye ukurasa wa malipo. Mwizi hahitaji kuiangusha tovuti. Anabadilisha tarakimu za namba ya Till pekee, na fedha za wateja zinaenda kwake huku kila kitu kingine kikionekana sawa. Kwa sababu hiyo tuliweka utaratibu kwamba katibu anafungua ukurasa wa malipo kila Jumatatu na kulinganisha namba hiyo na ile iliyo kwenye stakabadhi za kikundi.

Plagini zetu ni nne tu: moja ya nakala za akiba, moja ya fomu ya mawasiliano, moja ya kuzuia majaribio mengi ya kuingia, na moja ya kutuma barua pepe kupitia SMTP, njia inayotumia akaunti halisi ya barua pepe. Hii ya mwisho watu huiacha, kisha hulalamika kwamba fomu haifanyi kazi. Fomu hufanya kazi, ila WordPress hutuma barua kwa njia ya seva ambayo Gmail na wenzake huitilia shaka, na ujumbe wa mteja huishia kwenye barua taka au hupotea. Ukituma kupitia akaunti halisi ya barua pepe ya domeni yako, tatizo hilo hupungua sana.

Duka kamili la mtandaoni sikuwawekea, ingawa walilitaka. WooCommerce, plagini ya kufungulia duka, ni nzuri na inaweza kuunganishwa na M-Pesa, lakini huleta masasisho mengi, masharti ya usalama na kazi ya kila siku ya kuhesabu akiba ya bidhaa. Kikundi kinachopata oda chache kwa wiki kinatosheka na ukurasa wa bidhaa, namba ya malipo, na namba ya simu ya kuthibitisha.

Picha

Simu nyingi za siku hizi hupiga picha ya megabaiti 3 au 4. Weka picha kumi za namna hiyo kwenye ukurasa mmoja na mteja aliyeko Maseno au Bondo anaweza kuwa ametumia hadi megabaiti 30 au 40 za bando lake kabla ya kuona bei. Punguza kila picha kabla ya kuipakia hadi upana wa pikseli 1200 hivi, na uihifadhi kwa muundo wa JPEG au WebP, ambao WordPress huupokea tangu toleo la 5.8 la mwaka 2021. Kikapu kilekile ambacho picha yake ilikuwa ya megabaiti 4 kitaonekana vizuri kwa kilobaiti 150 au 200. Ipe faili jina linaloeleweka, kama kikapu-kikubwa-kahawia, badala ya mfululizo wa namba kutoka kwenye simu. Jaza pia maelezo ya picha kwenye nafasi ya «Alt text», kwa ajili ya msomaji asiyeona anayesomewa ukurasa na simu yake.

Picha za watu zina sharti la ziada. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake binafsi, sawa na jina na namba ya simu anayoiandika kwenye fomu yako. Omba ruhusa ya kila anayeonekana, na kwa mtoto omba ruhusa ya mzazi au mlezi. WordPress ina ukurasa wa sera ya faragha ulioandaliwa tayari. Uujaze kwa maneno yako, ukieleza mnachokusanya, mnakihifadhi wapi na mtu aombe vipi kifutwe. Fomu yetu huuliza jina, simu na ujumbe, basi. Usichokikusanya hakiwezi kuvuja.

Nakala za akiba na masasisho

Nakala kamili ina sehemu mbili, hifadhidata na folda ya wp-content ambamo hukaa picha, themu na plagini, na moja bila nyingine haitoshi. Plagini kama UpdraftPlus huzichukua zote mbili kwa ratiba na kuzituma nje ya seva, kwa mfano kwenye Google Drive ya barua pepe ya kikundi. Nakala iliyo kwenye seva ileile ya tovuti itapotea pamoja na tovuti. Fahamu pia kwamba WordPress haina saa yake yenyewe: kazi zilizopangwa hufanyika pale mtu anapotembelea tovuti, kwa hiyo tovuti changa isiyo na wageni inaweza kuchelewesha nakala yake. Katika miezi ya mwanzo, ifungue mwenyewe kila siku. Kabla ya kuitangaza tovuti, chukua nakala moja na uirudishe kwenye kompyuta yenye XAMPP. Sisi tulipofanya hivyo tuligundua kwamba folda ya picha haikuwa imetiwa alama, na tungekuwa tumehifadhi bei bila vikapu.

Masasisho madogo ya usalama hujiweka yenyewe tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013. Masasisho makubwa, pamoja na ya themu na plagini, yafanye mara moja kwa wiki, baada ya kuchukua nakala, na si jioni ya Ijumaa. Sasisho likikatizwa katikati, tuseme stima imepotea na kompyuta ikazimika, unaweza kukuta tovuti ikisema «Briefly unavailable for scheduled maintenance». Usishtuke. WordPress huweka faili inayoitwa .maintenance wakati wa kusasisha, na huacha kuijali baada ya dakika 10. Ukiwa na haraka, ifute kwa kisimamia faili baada ya kuruhusu faili zilizofichwa zionekane, kisha urudie sasisho.

Siku ya kufungua

Rudi kwenye «Reading» na uondoe ile alama inayowazuia watafutaji. Nimeona tovuti ya shule iliyokaa zaidi ya mwaka bila kuonekana kwenye Google kwa sababu ya kisanduku hicho kimoja. Fungua kila ukurasa kwa simu ya bei nafuu iliyo kwenye mtandao wa kawaida, wala si kwa kompyuta yako iliyo kwenye waifai. Jaza fomu kama mteja na uhakikishe ujumbe umefika. Mwombe mtu ambaye hajawahi kuiona tovuti atafute bei ya kiti na namba ya kulipia, ukae kimya umtazame anakobonyeza.

Kilichobaki ni makabidhiano. Tuliandika kwenye daftari la kumbukumbu za kikundi, wala si kwenye simu ya mtu, mahali domeni iliposajiliwa, kampuni inayotunza seva, barua pepe inayomiliki vyote viwili, mahali nakala zilipo, na majina ya wasimamizi wawili. Manenosiri yenyewe hayakuandikwa humo. Yalitiwa kwenye bahasha iliyofungwa ambayo mweka hazina huiweka pamoja na kitabu cha benki. Tarehe ya kulipia domeni na tarehe ya kulipia seva ziliandikwa kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani mwa banda la kusukia, kila moja mara mbili: siku yenyewe, na mwezi mmoja kabla yake.